Kangaruu Wadogo na Mrukaji wa Nchi Yetu

Katika madarasa ya chini ya nchi yetu herufi hufundishwa mara nyingi kwa picha. Herufi K ina taabu yake katika Kifaransa, kwa kuwa maneno yaanzayo kwa herufi hiyo ni machache. Basi watunga vitabu hupenda kumchukua kangourou, ambaye sisi twamwita kangaruu. Hivyo mtoto wa Kamina, ambaye hajawahi kuwaona hata pundamilia wa Upemba walio katika mkoa wake mwenyewe, amjua vizuri mnyama wa Australia mwenye mkia mnene, miguu mirefu ya nyuma, na mfuko tumboni ambamo kichwa cha mtoto chachungulia. Hatuwalaumu watunga vitabu. Herufi yataka picha, na picha hiyo ni nzuri.

Mwaka mmoja tulikuwa tukifundisha habari za wanyama wa mabara mbalimbali. Tulipofika Australia tukasema kwamba katika pori la Afrika kangaruu hayuko hata mmoja. Hapo mwanafunzi mmoja, mtoto mpole ambaye wazazi wake walihamia Kamina kutoka upande wa kusini, kuelekea mpaka wa Zambia, akainua mkono.

“Bwana Mwalimu,” akasema, “kwetu yuko. Baba mdogo alimwua katika shamba la karanga.”

Darasa zima likacheka. Tukawanyamazisha, maana mtoto asemaye jambo alilolishuhudia hastahili kuchekwa na wale walioona picha tu. Tukamwuliza mnyama huyo alikuwa mkubwa kiasi gani.

“Apita sungura kidogo, Bwana Mwalimu. Lakini mkia wake mrefu, wenye manyoya mengi, na ncha yake nyeusi. Alikuwa akiruka kwa miguu miwili.”

“Na mfuko, mwanangu, alikuwa nao?”

Akafikiri kidogo. “Mfuko hakuwa nao. Mama mdogo alipompasua alikuta mtoto tumboni. Mmoja tu, mkubwa, tayari ana manyoya.”

Majibu hayo yalitosha. Mnyama yule ndiye ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita kamendegere. Wataalamu wa elimu ya wanyama wamgawanya katika aina mbili: moja hukaa Kenya na Tanzania, nyingine hukaa Afrika ya Kusini, Namibia, Botswana, Zimbabwe, Zambia, Angola, na kusini mwa nchi yetu ya Kongo. Kwa hiyo kijana yule hakuwa amesema uongo. Alikuwa amemwona mnyama wa kweli, akakosa jina lake, akamvika jina alilolikuta kitabuni.

Wala si yeye wa kwanza kufanya hivyo. Historia ya wanyama hawa warukao ni historia ya majina ya kuazima. Makaburu wa Afrika ya Kusini walipomwona kamendegere walitazama masikio yake marefu wakamwita springhaas, yaani sungura arukaye. Watu wa Kifaransa wakafuata njia ileile. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh alifika kisiwa kimoja karibu na pwani ya magharibi ya Australia, akakuta vinyama vya kahawia vyenye mkia mwembamba, akadhani ni panya wakubwa. Kisiwa akakiita kiota cha panya, nacho mpaka leo chaitwa Rottnest. Vinyama vile havikuwa panya hata kidogo, bali kwoka, aina ya kangaruu mdogo mwenye uzito wa kilo tatu au nne. Jina la kangaruu lenyewe Waingereza waliokuwa na nahodha James Cook walilisikia mwaka 1770, kwenye mto mmoja wa kaskazini mashariki, kwa watu wa kabila la Guugu Yimithirr. Hapo wako wasimuliaji wapendao kusema kwamba mwenyeji yule alijibu tu “sielewi”, na Waingereza wakaandika jibu lake kuwa jina. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini si kweli. Neno gangurru lipo katika lugha ile, nalo ni jina la aina moja ya kangaruu wakubwa. Mwenyeji alijibu sawasawa na alivyoulizwa.

Sasa tumtazame kwanza huyu wa kwetu. Kamendegere ana uzito wa kilo tatu hivi. Rangi yake ni ya mchanga mwekundu, na tumbo jeupe. Miguu ya nyuma ni mirefu, yenye vidole vinne na kucha nene mfano wa kwato ndogo. Mikono ni mifupi sana, yenye vidole vitano na kucha kali za kuchimbia. Akila hutembea polepole kwa miguu yote minne. Akishtuka husimama, mikono akaikunja kifuani, akaondoka kwa kuruka, na mruko mmoja waweza kupita mita mbili. Mbele ya tundu la sikio ana kijinyama kidogo kinachoziba, ili mchanga usiingie wakati wa kuchimba. Meno yake ya mbele ndiyo yamwambiayo mtazamaji ukoo wake: ni ya kugugunia, kama ya panya, ndezi na nungu. Basi si sungura, wala si kangaruu.

Makao yake ni nchi ya mchanga na nyasi fupi. Udongo mgumu haumfai, wala msitu mnene, wala nyasi ndefu zisizomwezesha kuona mbali. Mchana hulala shimoni peke yake, au mama pamoja na mtoto wake, na mara nyingi huziba mlango kwa udongo kutoka ndani. Ana mashimo kadhaa, leo hulala hapa, kesho pale. Jua likiisha kuchwa hutoka kula, naye haendi mbali sana na shimo lake. Chakula chake ni nyasi: majani mabichi, mbegu, na zaidi sana mashina na mizizi iliyolala chini ya udongo, ambayo huifukua kwa kucha zake. Pengine hula na nzige. Tena, wakulima wajua, hula mahindi, karanga na viazi vitamu. Usiku, mtu mwenye tochi huona jicho lake likiwaka kama kaa la moto, likipanda na kushuka gizani. Mara nyingi huonekana jicho moja tu, kwa kuwa macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa. Hatushangai kama penye jicho la namna hiyo watu wengine wakakimbia.

Jambo moja la ajabu laongezwa hapa. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba manyoya ya kamendegere, yakimulikwa kwa miale ile ya jua ambayo macho yetu hayaioni, hurudisha rangi nyekundu na ya machungwa. Walizitazama ngozi kuukuu zilizohifadhiwa katika nyumba za makumbusho, na wanyama walio hai pia, wakayaona yaleyale.

Tuvuke bahari sasa. Watu wengi wakisikia kangaruu hufikiri yule mkubwa mwekundu, ambaye dume lake hupita kilo 80. Lakini jamaa hiyo, pamoja na jamaa zake wa karibu, ina aina zaidi ya 60 katika Australia, Tasmania na kisiwa cha Guinea Mpya, na nyingi ni ndogo. Aliye mdogo kuliko wote hukaa katika msitu wa mvua wa kaskazini mashariki mwa Queensland. Ana uzito wa nusu kilo tu, hutembea mchana, hula matunda yaliyoanguka, mbegu, uyoga na wadudu, naye hakimbii kwa miguu miwili kama wenzake, bali kwa minne. Huyu aliiacha desturi ya ukoo, au tuseme hakupata kuianza. Walabi wa majabali hukaa kwenye miamba mikavu. Nyayo zao ni za kukwaruza, hawatelezi, nao hula nyasi na majani ya vichaka vilivyo karibu. Walabi wafananao na sungura, kama yule aitwaye mala, hukaa jangwani chini ya vichaka vya nyasi zenye miiba, wakila mbegu na mashina. Potoruu na betongi hufukua uyoga uotao chini ya udongo. Nao si walaji tu: mbegu za uyoga hupita tumboni mwao zikatawanyika msituni, na uyoga huo huisaidia miti kunyonya chakula udongoni. Kila shimo dogo wanalolifukua hushika maji ya mvua na majani makavu.

Miongoni mwa hao wote yuko mmoja ambaye twamtaja kwa makusudi, maana maisha yake yakaribia sana maisha ya kamendegere. Ni betongi mchimbaji, ambaye wenyeji wa kusini magharibi mwa Australia walimwita boodie. Katika jamaa nzima ya kangaruu ni yeye peke yake akaaye mashimoni. Ana uzito wa kilo moja na nusu au pungufu. Mchana hulala chini ya ardhi, usiku hutoka kufukua mizizi, mbegu, uyoga na mchwa. Zamani alienea karibu nusu nzima ya bara lile. Wazungu walipoanza kulima na kufuga wakamwona adui: aliingia mashambani na bustanini. Wakamwekea sumu, wakayabomoa mashimo yake. Wakati huohuo wakaleta paka, na sungura wa Ulaya, ambao walianza kuenea baada ya Thomas Austin kuwafungulia sungura wachache shambani kwake mwaka 1859, na mbweha, ili matajiri wapate mchezo wa kuwinda. Sungura wakala majani, mbweha na paka wakala walaji wa majani. Katikati ya karne ya 20 betongi mchimbaji alikuwa amekwisha katika bara lote. Wakabaki wale wa visiwa vitatu tu, yaani Barrow, Bernier na Dorre, ambako mbweha hakufika.

Wengine hawakuwa na kisiwa cha kukimbilia. Yuko kangaruu mdogo wa jangwani aliyeandikwa vitabuni mwaka 1843, kisha hakuonekana kwa miaka karibu 90. Mtaalamu Hedley Finlayson akamwona tena mwaka 1931, na watu wakafurahi. Mwaka 1935 akaonekana kwa hakika mara ya mwisho. Na yule mala tuliyemtaja, katika jangwa la Tanami yalikuwa yamebaki makundi mawili tu porini. Moja liliangamizwa na mbweha mwaka 1987. La pili likateketea kwa moto wa nyika mwaka 1991. Habari ya moto huo yatupasa sisi wa Katanga kuitazama vizuri. Zamani wenyeji wa jangwa walikuwa wakichoma nyasi vipande vipande, hapa mwaka huu, pale mwaka ujao, hata mala akawa na nyasi changa za kula na nyasi nzee za kujifichia, zikiwa jirani. Walipohamishwa kutoka nchi yao, nyasi zikakua pamoja, na moto ulipokuja ukala nchi nzima kwa mara moja. Yeyote aliyesafiri kwa garimoshi kutoka Kamina kwenda Lubumbashi mwezi wa Agosti au Septemba ameuona moto wa kwetu, ukienda usiku kucha bila mwenyewe.

Hata hivyo hatutaki kuwatisha wasomaji bure. Kamendegere hayumo katika hesabu ya wanyama walio karibu kwisha duniani. Katika nchi za kusini yuko kwa wingi, na Wasan wa Kalahari wamemla tangu zamani. Wao huunganisha vijiti vyembamba mpaka viwe fimbo ya mita kadhaa, wakaweka ndoana kwenye ncha, wakaisukuma shimoni mpaka imnase mnyama, ndipo huchimba juu yake moja kwa moja. Ni kazi ya akili na jasho, na kwa namna ile hapatwi mnyama zaidi ya mmoja kwa shimo. Lakini nchi yetu ni mwisho wa kaskazini wa makao yake, na mahali pa mwisho pana desturi ya kupungukiwa kwanza. Hifadhi ya Upemba, iliyowekwa tangu mwaka 1939, haiwezi kumsaidia sana mnyama apendaye ukingo wa shamba la mtu.

Hapo ndipo neno la yule mama mdogo, mtoto mmoja tumboni, lapata uzito wake. Katika vijiji vyetu kamendegere huhesabiwa pamoja na panya, kwa sababu ya meno yake na shimo lake. Vijana huenda wakati wa kiangazi kwa majembe, moshi, mbwa na mitego ya waya, nao hawaoni ubaya, maana panya hawaishi. Ni kweli, panya hawaishi: panya wa mashambani aweza kuzaa kumi na zaidi kwa mara moja. Kamendegere huchukua mimba siku zipatazo 80, akazaa mtoto mmoja. Mtoto huzaliwa mkubwa, mwenye manyoya, tofauti kabisa na mtoto wa kangaruu, ambaye huzaliwa mdogo kama punje ya haragwe, kipofu, akapanda mwenyewe mpaka mfukoni. Kamendegere hana mfuko. Shimo ndilo mfuko wake. Mtoto hukaa humo wiki sita au saba akinyonya, hatoki mpaka awe karibu kujitegemea. Kwa mwaka mama huzaa mara tatu au nne. Basi, msomaji, fanya hesabu hii pamoja na watoto wako jioni: jozi moja ya panya, na jozi moja ya kamendegere, mwisho wa mwaka mmoja. Kisha weka kijana mmoja mwenye mitego kumi ya waya, uone ni upande gani utakaobaki mtupu.

Twajua jibu la mkulima. Atasema: “Bwana Mwalimu, karanga ni ada ya shule ya wanangu. Wewe wahesabu watoto wa mnyama, mimi nahesabu wa kwangu.” Neno hilo ni la haki, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Baba yule alimwua mnyama shambani mwake usiku akilinda mali yake, na hakutenda kosa. Tusemalo ni kwamba iko tofauti kati ya kumwua mwizi aliyeingia shambani na kuyatafuta mashimo yote ya bonde wakati ambapo hata karanga moja haimo udongoni. Hasara ya karanga huwa zaidi mbegu zinapopandwa, na tena zinapokomaa. Majuma hayo ni machache. Mbwa, moto wa kuni ukingoni, na watoto wenye debe la kupiga huweza kulinda. Majuma mengine ya mwaka kamendegere hula nyasi, nazo hazina mwenyewe.

Katika Australia wameona jinsi kurudisha kulivyo na gharama. Mwaka 1999 betongi mchimbaji alirudishwa katika nchi kavu ya kusini, karibu na mji wa Roxby Downs, katika eneo lililozungushiwa ua wa waya uliowekwa kwa ufundi ili paka, mbweha na sungura wasiingie. Ua wenyewe wataka walinzi, kutengenezwa na fedha mwaka hata mwaka. Ndani yake betongi wakaongezeka sana, mpaka wakaanza kuharibu majani, na wataalamu wakalazimika kutengeneza vilango vya kutokea visivyorudisha. Nje, mbweha wangojea. Nchi tajiri yaweza kulipa ada ya namna hiyo.

Sisi kwa sasa hatuna hata orodha ya majina. Jina la kamendegere twaliazima Tanzania. Lakini hatuamini kwamba wazee wa kusini mwa Katanga walikaa na mnyama huyu bila kumpa jina lao. Twawaomba basi wanafunzi walio likizoni vijijini wawaulize babu na bibi zao: mnyama arukaye usiku kwa miguu miwili, mwenye ncha nyeusi ya mkia, aitwaje? Atakayepata jina aliandike kwa herufi nzuri, aandike na kijiji, na mwezi ambao mnyama alionekana, na udongo wa mahali pale kama ni mchanga au la. Na ikiwa aliuawa, aandike kama alikutwa na mtoto tumboni.